Udongo wa Yuditha

Kaeni. Leo sitaki mniitikie kwa kelele. Nitasema polepole ili baadaye asiwepo wa kusema hakusikia, na mwishoni mtanijibu ninyi.

Katika kijiji cha Lubugwe, kando ya ziwa, waliishi watu watatu ambao Mungu aliwapa vipawa. Mwalimu Gwasa, mstaafu, alipewa jicho: alikitazama kitu mara moja akataja urefu wake, na ukikipima unakuta hakukosea. Diwani Nyamizi alipewa sauti: akiita watu, hata aliyekuwa ananyoa ndevu aliacha shavu moja akaja. Mchungaji Hezroni alipewa kuaminiwa: akimwambia mgonjwa alale, mgonjwa alilala.

Ziwa likaanza kupanda. Mwaka wa kwanza lilimeza vichanja vya kuanikia dagaa. Mwaka wa pili likameza barabara. Mwaka wa tatu likafika kwenye ukuta wa zahanati.

Mwalimu Gwasa akachukua msumari, akawa anachora mstari ukutani kila maji yalipoongezeka. "Ndugu zangu," alisema, "mvua hizi si zile za baba zetu. Dunia imepata joto kwa moshi wa viwanda vya mbali, na sisi wenyewe tumemaliza msitu. Tuhamie mlimani." Alisema kweli. Lakini watu walimcheka, wakamwita Bwana Msumari, naye akaona uchungu. Akachukua kadi ya chama kinachoongoza kata ya mlimani, akapanda jukwaani kwao, akawatukana majirani zake kwa kipaza sauti. Tangu siku hiyo mistari ile haikuwa tena mistari ya maji. Ikawa mistari ya chama.

Diwani Nyamizi naye aliiona hatari. Mjinga hakuwa. Maji yalipoanza kupenya chini ya mlango wa jiko lake, aliinua magunia yake ya mahindi juu ya matofali, kimya kimya. Lakini alikuwa na hesabu nyingine kichwani. Lubugwe ikihamia mlimani, kura zake mia nne zinahamia kata ya wapinzani wake, na udiwani umekwisha. Basi akaita mkutano.

"Mnataka kufukuzwa kwenye makaburi ya babu zenu na Bwana Msumari?"

"Hatutaki!"

"Ziwa hupanda, ziwa hushuka. Anayehama ni msaliti!"

Wakampigia vigelegele. Hata wale ambao vitanda vyao vilikuwa vimelowa miguu.

Mchungaji Hezroni hakuwa na chama. Alitaka amani tu, maana kanisani wa chama hiki walishaanza kukaa mabenchi ya kulia na wa chama kile ya kushoto, na kwaya ilikuwa imegawanyika. Walipomwuliza, "Mchungaji, tuhame au tukae?" alitazama kulia, akatazama kushoto, akasema, "Ziwa ni la Mungu. Tuombe." Mimi pia naomba, kila siku, wala sitaacha. Lakini kumsukumia Mungu swali unaloogopa kulijibu mwenyewe, hiyo si sala. Wenye mashaka wakarudi majumbani wakiwa wametulia.

Kulikuwa pia na Ndaki, fundi rangi. Huyu hakuwa na kipawa cha kusifiwa. Alikuwa na mke, Leokadia, na binti mmoja wa miaka saba, Yuditha. Diwani alimwambia, "Ndaki mwanangu, ule ukuta wa zahanati unatutia aibu." Ndaki akachukua chokaa na brashi, akafuta mistari yote asubuhi moja, huku anapiga mluzi.

Leokadia akamwuliza, "Baba Yuditha, ukifuta mstari, maji yanashuka?"

"Ah! Na wewe umeshakuwa wa mlimani?"

Wakacheka wote wawili. Walicheka.

Juma la mwisho la Aprili, Mwalimu Gwasa aliona ziwa limevimba na upepo umegeuka. Alijua. Siku ya Alhamisi alipita nyumba kwa nyumba, akawaonya wenye kadi kama yake, wakahama na mbuzi wao. Nyumba za wengine alizipita. "Nikiwaambia watasema nafanya kampeni," alisema. Nyumba ya Ndaki ilikuwa mojawapo ya alizozipita.

Jumamosi saa nne asubuhi ziwa likaja. Ndaki alikuwa kazini, Leokadia shambani. Yuditha alikuwa nyumbani anaosha vyombo. Ukuta ukaanguka, maji yakamchukua.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye ugumu. Mwalimu Gwasa alishuka mbio kutoka mlimani, akatazama mkondo, akanyoosha kidole: "Maji yamempeleka kule kwenye matete." Diwani Nyamizi akapaza sauti, wakaja watu zaidi ya mia, wenye kadi hii na wenye kadi ile, wakashikana mikono mstari mmoja. Lakini kwenye matete kulikuwa na mamba, hakuna aliyethubutu. Mchungaji Hezroni akavua viatu, akasema, "Nifuateni," akatangulia, nao kwa kumwamini wakamfuata. Wakamtoa. Alikuwa amekwisha kufa.

Lubugwe wana desturi mbili za mazishi. Aliyempata mtu aliyezama ndiye anayetupa udongo wa kwanza, na tangu siku hiyo anakuwa ndugu wa wafiwa. Na mwenye mkono katika kifo hagusi udongo mpaka apige magoti mbele ya watu na kuomba radhi. Baba wa marehemu ndiye anayemkabidhi mtu chepe.

Kaburini wakasogea wale watatu kwa pamoja.

"Bila jicho langu angeliwa na mamba," alisema Mwalimu.

"Na bila sauti yangu ungemtoa na nani? Na msumari wako?" alisema Diwani. "Ulijua tangu Alhamisi, mzee! Alhamisi!"

"Nawe Diwani, mahindi yako yalipanda juu ya matofali lini?"

Watu wakaanza kusukumana, wa chama hiki upande huu, wa chama kile upande ule, na kaburi likiwa katikati.

"Jamani, jamani," Mchungaji akainua mkono. "Tuombe."

"Usiombe!" Leokadia alipiga ukelele. "Leo jibu kwanza!"

Mchungaji akashusha mkono. Hakuna hata mmoja wa watatu aliyepiga magoti, maana kila mmoja alimtazama mwenzake aanze.

Ndaki akainua chepe. Akamtazama Mwalimu, akamtazama Diwani, akamtazama Mchungaji. Mkewe akaushika mpini.

"Na wewe, baba Yuditha? Wewe unatoa hukumu? Brashi ilikuwa mkononi mwa nani?"

Ndaki hakuuachia mpini. Wakasimama hivyo, mume na mke, wameshika chepe moja, na juu ya ziwa wingu jipya linakusanyika.

Haya, nimemaliza yangu. Je, ninyi mngeamuaje? Nani apewe chepe, nani apige magoti kwanza? Mlimani mko, ziwani mko, nawaona. Msitazame kadi ya jirani kabla ya kufungua kinywa. Jibuni, mtoto hajafunikwa.