Mwenye Korongo

Maji ya mvua kutoka shamba la Mwachofi, tajiri wa mlimani, yalichimba korongo lililokula nusu ya mihogo ya Wakesho, mjane wa bondeni. Kila akilalamika, Mwachofi alimjibu, "Korongo si langu, ni la Mungu."

Siku moja Wakesho alimpitia. "Mzee, afisa kilimo wa kaunti yupo kwa chifu na msaada. Anamtafuta mwenye korongo. Naenda kusema ni langu."

"Lako tangu lini?" Mwachofi alimtangulia mbio hadi kwa chifu. "Afisa, korongo ni langu, juu hadi chini! Chifu ni shahidi."

"Vizuri," alisema afisa. "Mbolea na miche ni ya aliyeharibiwa shamba. Mwenye korongo atalifukia."

Wakesho akampa Mwachofi jembe. "Langu ni hili tu, mzee. Nakuazima."