Kindi na Mume Wake wa Utani

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana bando la intaneti lilikuwepo na lilikuwa linaisha vilevile, wanyama walikuwa na chuo chao. Sogeeni karibu. Zawena, weka simu chini, hadithi hii inakuhusu. Usinune! Nimesema inakuhusu, sijasema ni yako.

Basi, katika hosteli ya wasichana ya chuo hicho, chumba kimoja kilikuwa na wakazi watatu. Swala alisomea uuguzi, macho makubwa, moyo laini kama ugali wa moto. Kanga alisomea sijui nini, maana muda wote alikuwa anapiga soga. Na Kindi alikuwa mdogo kuliko wanafunzi wote, mkia mkubwa kuliko mwili, na mdomo mkubwa kuliko mkia.

Jioni, wakishaosha vyombo, walisoma riwaya za mapenzi. Zilikuwa nyingi, lakini hadithi yake moja. Kuna kijana wa chuo, sura nzuri, roho mbaya. Anapigana, anatukana, anamliza binti. Binti anavumilia, anavumilia, na ukurasa wa mwisho kijana analia: "Umenibadilisha!" Msinitazame hivyo. Hata mimi nilizisoma, tena nililia mpaka mto ukalowa.

"Hajui kupenda tu, masikini," Swala alikuwa akisema kila akifunga kitabu. "Hakufundishwa. Akipata wa kumfundisha, anabadilika."

Muhula wa pili akatokea Chui. Vrruuuu! Pikipiki imekata kona mbele ya kantini, vumbi juu. Akashuka taratibu na koti la madoadoa ambalo, kumbe, lilikuwa ngozi yake mwenyewe. Akamtazama Swala, akasema, "Wewe. Kaa hapa."

Swala akakaa. Mnacheka? Na nyie mngekaa.

Haukupita muda, Swala akawa hana simu. Chui kaichukua, eti anapigiwa sana. Akawa hali chipsi, eti ananenepa. Akionekana anaongea na Kulungu maktaba, Chui anavunja kiti, kraa! Kesho yake anamletea ua. Siku moja Swala akarudi chumbani na mkwaruzo begani, mrefu, bado mbichi.

"Mungu wangu! Nini hiki?" Kanga akapiga kelele.

"Alikuwa anacheza."

"Ke-ke-ke-ke! Mchezo gani unatoa damu?"

"Nyie hammjui kama ninavyomjua mimi. Alikua bila baba. Hakufundishwa kupenda." Swala akavuta sanduku lake uvunguni. "Na Ijumaa nahamia kwake."

"Pangoni? Ng'ambo ya mto?" Kindi akaruka hadi juu ya kabati. "Na mitihani?"

"Amesema mitihani ya nini wakati yeye yupo."

"Shoga, kule hakuna hata jirani! Tena wewe ni swala, yeye ni chui. Hilo umelifikiria?"

"Ndiyo maana mapenzi yetu ni makubwa!"

Lo! Hapo Kindi akashuka kabatini. Roho ilimuuma. Aliona wazi kwamba Swala akivuka ule mto hatarudi, na kwamba kila akimsema vibaya Chui, Swala anazidi kumpenda. Ndivyo vitabu vilivyomfundisha: wenzako wakimkataa, wewe mng'ang'anie.

Sasa sikilizeni vizuri. Ukoo wa Kindi na ukoo wa Chui ni watani, tangu enzi za mababu. Mnajua utani ulivyo. Mtani anakuja msibani kwako anaigiza marehemu. Mtani anakula chakula chako, anakuita mume wake mbele ya mkeo, na wewe kazi yako ni kucheka. Ukimnyanyulia mtani mkono, umeaibisha ukoo mzima. Kindi akakumbuka hilo, akachana mkia wake, akaenda kantini.

Chui alikuwa anakunywa supu, Swala pembeni yake.

"Mume wangu!" Kindi akaruka mezani, tap!

Kantini nzima ikacheka. Chui naye akacheka, akajipapasa masharubu. "Karibu, mtani. Leo umenioa?"

"Kuanzia leo hadi Ijumaa. Hiyo supu acha."

"Ehe?"

"Unanenepa. Mimi mume mnene simtaki." Akalivuta bakuli, akaimaliza supu yeye, fyuuu, akajifuta. "Na unisubiri hapa hapa mpaka nirudi. Nakupenda ndiyo maana nakuambia."

Wakacheka tena. Swala alicheka mpaka machozi yakamtoka. Chui akaondoka na njaa.

Kesho yake Kindi akamkuta Chui anaongea na simu. Pyu! Kaipokonya.

"Duma huyu ni nani? Mbona anakupigia?"

"Ni binamu yangu! Lete simu, mtani."

"Binamu! Wote husema hivyo." Akapanda nayo mti, mpaka kwenye tawi jembamba kabisa, ambalo Chui akiweka mguu mmoja tu linavunjika. "Ukinipenda, simu ya nini? Nani mwingine atakupenda kama mimi?"

"Nataka kumpigia mama! Kila jioni nampigia mama!"

"Mama yako anakupotosha. Mimi nakutosha."

Chui akauzunguka ule mti kama mwenda wazimu. Alipoinua kichwa kulalamika, Kindi akamtupia kokwa. Pwaa! Katikati ya pua.

"Ai! Umeniumiza!"

"Nilikuwa nacheza."

Watu bado walicheka, lakini Swala safari hii hakucheka. Alijishika bega, akasema ana kazi ya kumalizia, akaondoka. Kindi alimwona. Hakumfuata.

Baadaye Kindi akamletea Chui ua na karanga tatu. "Samahani, mume wangu. Mimi nikipenda napenda vibaya." Chui akazila zile karanga. Alianza kuchungulia kila mti kabla ya kupita chini yake. Alichelewa kulala. Pikipiki ilikaa, hana hamu nayo.

Ijumaa ikafika. Swala akatoa sanduku mpaka getini pa hosteli. Ndiyo, alilitoa! Mlidhani ameshaelewa? Mtu hatoki kirahisi hivyo mahali alipoweka moyo wake. Alisimama pale, uso umemvimba kwa kulia, anamsubiri Chui. Kanga alikuwa analia kwa sauti. Mzee Kiboko, mlinzi wa geti, alijaa kwenye kiti chake, anasikiliza yote.

Vrruuu! Chui akafika. "Panda. Twende."

Kindi akadondoka kutoka juu ya paa, akatua kwenye sanduku.

"Unakwenda wapi, mume wangu? Umeniomba ruhusa?"

"Mtani, leo sitaki."

"Hutaki? Hee! Baada ya yote niliyokufanyia? Mjinga wewe, ungekuwa wapi bila mimi? Nitazame ninaposema na wewe!"

Hapo Chui akapasuka. Hakumgusa, maana macho ya chuo kizima yalikuwa pale. Alipasuka kwa mdomo.

"Basi! Huu si utani tena! Unaninyang'anya chakula, unaninyang'anya simu, unanitenga na mama yangu! Unanitukana mbele za watu, halafu unaniletea karanga! Silali! Nikisikia jani linaanguka nashtuka!"

"Lakini nakupenda."

"Hunipendi! Anayempenda mtu hamfanyii hivi!"

Kindi akalegeza masikio, akatia huruma. "Nivumilie, mume wangu. Nilikua bila baba. Sikufundishwa kupenda. Kaa na mimi, nitabadilika."

"Uongo!" Chui akanguruma mpaka geti likatikisika. "Hayo hayafundishwi! Hata kifaranga anajua! Ukimtia mtu woga unaona kabisa kwamba ana woga! Unafanya makusudi!"

Swala akasogea mbele.

"Umesemaje?" Swala akauliza.

Chui akageuka. "Huyu mtani wangu, mpenzi, amenitesa..."

"Nimesikia alivyokutesa. Nauliza umesemaje. Hayafundishwi?"

"Eh."

"Kumbe unajua." Swala hakupiga kelele. "Mimi nilidhani hujui. Nimekuwa nakufundisha kama mtoto wa chekechea. Nikilia nafikiri, nimwoneshe taratibu, hajui kwamba inauma. Kumbe unajua, Chui. Siku zote ulikuwa unajua."

"Ile ni tofauti!"

"Tofauti nini?"

Chui akatunisha kifua. "Mimi... mimi ni Chui!"

Weee! Kicheko kilichozuka pale, sijui nikielezeeje. Chui akapiga hatua kumwelekea Swala, makucha nje, na kicheko kikakatika ghafla. Lakini Mzee Kiboko alishasimama. Akisimama Kiboko getini, hakuna geti tena, ni Kiboko tu.

"Kijana," akasema kwa upole, "saa za wageni zimekwisha. Na simu ya binti iache hapa."

Chui akaiweka chini. Akaisukuma pikipiki yake, maana kwa hasira hata kuiwasha ilimshinda. Hakuonekana tena getini pale.

Swala akakaa juu ya sanduku, akalia kilio kirefu, kile cha kumaliza. Hawakumkataza. Kindi alimkalia kwenye bega lile lisilo na mkwaruzo, Kanga akaleta chipsi mayai sahani mbili, na mpaka sahani ya pili inafika nusu, Swala alikuwa analia na kutafuna kwa pamoja, halafu akawa anatafuna tu.

"Sasa zile riwaya," Kanga akauliza, "yule kijana hubadilika lini hasa?"

"Mwandishi akiishiwa karatasi," Kindi akajibu, na wote watatu wakacheka mpaka Mzee Kiboko akagonga geti wanyamaze.

Swala alifanya mitihani yake, akafaulu, akawa muuguzi. Riwaya bado anazisoma, na kilio analia, ila akifunga kitabu amekifunga.

Yangu nimeyamaliza, na funzo lake ni hili: anayelalamika akiumizwa anajua kabisa anapokuumiza, kwa hiyo msikae kumfundisha, ondokeni.