Pikipiki Iliyogoma Alfajiri

Wapo watu ambao ukiwaonyesha unapoumwa, wao hukuonyesha pale unapopaswa kuumwa. Watu wa namna hiyo wahenga waliwapa jibu zamani: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Taabu ya jambo huijua anayeishi nalo, si mpita njia, hata akiwa na vyeti vya kujaza ukuta mzima.

Palikuwa na mwanamke mmoja, mpimaji wa maziwa katika kituo kilichojengwa mlimani, mahali ambapo ukungu wa asubuhi ni mzito na maji ya bomba huuma vidole. Wafugaji walimwita Mama Vipimo. Yeye ndiye aliyeshika funguo, na lango lilipaswa kuwa wazi saa kumi na mbili kamili. Ikitimu saa moja mapokezi yalifungwa, na maziwa yaliyochelewa yalirudishwa nyumbani. Kazini alikwenda kwa pikipiki kuukuu ya marehemu baba yake, yenye kabureta mbili, iliyomzidi umri kwa miaka kumi.

Mchana pikipiki hiyo ilikuwa njema kabisa. Alfajiri ilikuwa korofi. Ilikohoa, ikatetemeka, ikazima. Mara mbili Mama Vipimo alifika amechelewa, jasho likimtiririka katikati ya baridi, na wafugaji wamejipanga langoni na madumu yao. Meneja wa kituo, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua thelathini kutoka hapo, alimwandikia barua mbili za onyo.

"Ya tatu itakuwa ya kukuaga," alimwambia.

Sasa tazama vituko vya fundi wake. Watu walimwita Profesa, naye jina hilo lilimvimbisha kichwa. Karakana yake ilifunguliwa saa tatu asubuhi, kwa hiyo Mama Vipimo alimpelekea pikipiki jioni baada ya kazi, injini ikiwa bado ya moto. Profesa aliinama, akazungusha skrubu ya kabureta ya kushoto nusu mzunguko, ya kulia robo, kisha akatega sikio.

"Unaisikia, dada? Inaimba hiyo."

"Inaimba kwa sababu ina moto," Mama Vipimo alijibu. "Asubuhi upande wa kulia unakufa. Nimeyadondoshea maji mabomba yote mawili ya moshi. La kushoto linachemsha, la kulia linabaki baridi vilevile. Na choki nimeivuta mpaka mwisho."

Profesa alicheka. "Dada yangu, mimi nimeshika bisibisi miaka ishirini. Ugonjwa hapa ni mguu wako. Nyinyi wanawake hamjui kupiga kiki. Unaizamisha mafuta, halafu unaisingizia kabureta."

Hebu fikiria! Mtu amechunguza kwa maji na vidole vyake mwenyewe, anaambiwa kibovu ni mguu wake. Kwa jumla alikwenda mara tatu, na mara zote tatu Profesa aliitengeneza pikipiki ikiwa ya moto, akamrudishia pamoja na kejeli. Siku ya barua ya pili, uvumilivu ulimwisha.

"Leo italala hapa," alisema. "Kesho asubuhi iwashe ikiwa baridi. Mara moja tu."

"Mimi siamki kuwawashia watu pikipiki."

Mama Vipimo alibwaga ufunguo juu ya benchi na kuondoka kwa miguu. Kesho yake alitembea kilomita nane gizani, nyayo zikimuwaka, akafungua lango saa kumi na mbili kamili.

Saa moja mapokezi yalifungwa, wafugaji wakabaki wakisuuza madumu yao. Dakika ishirini baadaye alitokea mtu kwenye kona, anasukuma pikipiki yenye madumu mawili nyuma. Mama Vipimo aliitambua pikipiki kabla ya kumtambua msukumaji. Alikuwa Profesa! Mkewe, aliyefuga ng'ombe watatu, alikuwa ameamka na homa, naye Profesa akaona isiwe tabu, pikipiki ya mteja ipo na ufunguo uko benchini. Ruhusa hakuomba.

"Mapokezi yamefungwa," Mama Vipimo alimwambia.

Profesa alimgeukia meneja, aliyekuwa amesimama langoni. "Nihurumie, mkubwa. Pikipiki hii ikiwa baridi haifai! Nimepiga kiki mpaka goti limelegea. Upande wa kulia umekufa, bomba halipati hata joto."

"Rudia!" Mama Vipimo alifoka. "Rudia, meneja asikie vizuri. Na mguu wako una kasoro gani, fundi? Au leo na wewe ni mwanamke?"

Wafugaji waliangua kicheko, lakini yeye hakucheka.

"Nilikwambia mara tatu! Upande nilikutajia, saa nilikutajia. Nimeandikiwa barua mbili kwa ugonjwa huuhuu, ukanicheka. Leo umeuona, tena kwa pikipiki yangu uliyoichukua bila kuniuliza!"

Profesa aliinamia injini. Alitoa bisibisi mfukoni, akafungua kabureta ya kulia pale pale. Kipini cha choki, kinachoongeza petroli injini ikiwa baridi, kilikuwa kimeganda kwa kutu, waya ukawa unavuta cha kushoto peke yake. Alikisugua kwa petroli, akakausha plagi, akarudisha kila kitu mahali pake. Kazi ya dakika ishirini, iliyomtesa mwenzake miezi miwili.

"Piga wewe, dada," alisema, macho chini.

Mama Vipimo alipiga kiki moja. Pikipiki iliwaka, na mabomba yote mawili yakatoa moshi.

Meneja alikohoa. "Zile barua tutaziangalia."

"Hutaziangalia, utazifuta. La sivyo hamia ninakokaa mimi, uwe unakuja kazini kwa pikipiki hii."

Wafugaji walimkodolea meneja macho. Aliingia ofisini, akatoka na barua zote mbili, akazichana mbele yao. Maziwa ya Profesa hayakupokewa, kwa maana sheria haikumhurumia Mama Vipimo, na haikuwa na sababu ya kumhurumia aliyemponza. Fundi aliinua madumu yake kuteremka mlima kwa miguu, akamweleze mkewe, naye njiani alikuwa na muda wa kutosha wa kukubali kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.