Kadi ya Kutumwa Dukani

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Leo sina sungura wala fisi. Nina ndugu watatu wa Kilosa, kadi moja, na ugomvi ambao mimi umenishinda.

Shomari, kaka mkubwa, alijaliwa kumbukumbu. Jambo la utotoni analisimulia utadhani lilitokea jana. Kibwana, kitindamimba, alijaliwa kujua haki ya mchezo. Ukimwibia kete moja, hachezi tena na wewe. Semeni, wa katikati, alijaliwa kutunza. Hatupi kitu. Zamani walicheza drafti uani kwa vizibo vya soda, na raha yake, jamani, haisemeki. Siku hizi mmoja yuko Dodoma, mmoja Mtwara, Semeni kabaki kwenye nyumba ya marehemu mama yao. Wanakutana kwenye simu tu, katika mchezo wa vita unaochezwa kwa kadi, uitwao Ngome na Majeshi.

Basi wenye mchezo wakatangaza: mchezaji yeyote apendekeze kadi mpya, wachezaji wote waijadili, kisha wapige kura.

Shomari ndiye aliyeanza. Alikumbuka jinsi drafti ilivyokuwa ikinoga, mara mama anaita mtu akanunue chumvi. Akaandika kadi, "Katumwa Dukani": ukiicheza, askari hodari wa mpinzani wako anaondoka uwanjani. Wachezaji wakamshukia. "Hii ni dhuluma," mmoja akaandika. "Nijenge askari wiki nzima, halafu aende kununua chumvi?"

Kibwana akaingilia. Akaongeza sharti: aliyetumwa akae nje kwa muda mfupi, kisha arudi na askari mwingine, maana hakuna aliyetumwa dukani akarudi mikono mitupu. Wabishi wakapungua, ila hawakuisha. Nusu wakasema inafaa, nusu wakasema inachosha.

Semeni akaja mwisho. Alikuwa na ujumbe wa sauti ambao mama yao aliutuma akiwa chumbani, anaumwa, Semeni yuko uani anacheza kwenye simu yake: "Acha mchezo huo, njoo nikutume." Hakuwahi kumsikilizisha mtu. Akauweka kwenye kadi, usikike kila inapochezwa. Ubishi ukapoa. Mchezaji wa Kisumu akaandika, "Huyo ni mama yangu kabisa." Kadi ikapita.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Wenye mchezo wakasema chini ya kadi litaandikwa jina moja tu, la mchezaji aliye hai. Ndugu wakaomba liwekwe la mama, likakataliwa.

"Wazo ni langu," Shomari akasema, wote watatu wakiwa kwenye simu.

"Wazo lako lilishakufa, kaka," Kibwana akamjibu. "Mimi ndiye niliyelifufua."

"Na bila sauti lingekufa tena," akasema Semeni.

"Sauti ni ya mama, Semeni," Shomari akasema. "Si yako."

Ilimchoma Semeni. Akauliza, "Kaka, pale uani alikuwa anatumwa nani?"

Wote wawili walijua. Alikuwa yeye, mtoto wa kike peke yake. Kila mchezo uliponoga aliinuliwa, na akirudi anakuta nafasi yake imekaliwa. Hakumaliza mchezo hata mmoja. Leo angetoa chochote aitwe tena, aende hata mara kumi. Lakini jina lake alitaka libaki mchezoni, alilitaka sana, wala hakuona haya. Akajua vilevile kwamba asingekumbuka Shomari, au asingetengeneza Kibwana, sauti ile ingebaki kwenye simu yake tu.

"Andika wewe, dada," Kibwana akasema mwishowe. "Utakaloandika tutalikubali."

Shomari akaguna, naye akakubali.

Semeni ameshika simu, na mahali pa jina pako wazi. Je, wewe ungeamua vipi? Ila kabla hujanijibu, niambie kwanza: kwenu alikuwa anatumwa nani?