Besi ya Bosi Ngereza

Pale Korogwe alikuwapo mpiga gitaa la besi mmoja, Shekue, mpole wa sura lakini kichwani hakulali mtu. Siku moja Bosi Ngereza, mwenye ukumbi na vyombo vyote vya bendi, alimwita.

"Shekue, besi haisikiki. Watu wanafuata solo na waimbaji. Kesho usije."

"Sawa, bosi. Ila niache nikuage vizuri. Leo si wakwe zako wanakuja?"

"Wanakuja."

"Basi besi shika wewe, wakuone. Waya wako hatuuchomeki popote. Mimi nitapiga nyingine nyuma ya pazia. Wewe kunja uso tu, kama mtu anayeumwa jino."

Ngereza alicheka, akakubali.

Jioni alipanda jukwaani na miwani myeusi, vidole vikitangatanga kwenye nyuzi. Pazia likanguruma, ukumbi ukainuka. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kumsifu kwa lolote, alikwenda kumtunza, akambandika noti kwenye paji la uso huku machozi yakimtoka.

Asubuhi Ngereza alifika kwa Shekue akihema. Alimkuta barazani, anashona kitambaa kikubwa cheusi.

"Usiende popote! Mkwe anataka nipige besi kwenye harusi ya shemeji yangu, na kila sherehe ya ukoo wao. Tena huko ni uwanjani, hakuna pazia! Nani kamtia wazo hilo?"

"Mimi, bosi, jana wakati wa mapumziko," alisema Shekue, akikata uzi kwa meno. "Na pazia ndilo hili, namalizia pindo."