Mnyororo wa Tungaraza

Hapo zamani, na Mola anisamehe nikizidisha neno kwa uoga wangu, palikuwa na kinu cha nyuklia juu ya mji. Maji ya kukipoza yalisukumwa na pampu mbili. Moja ikipumzika, nyingine inafanya kazi. Zikinyamaza zote, kinu kinachemka na mji umekwisha.

Fundi Tungaraza aliingia kutengeneza pampu ya pili. Kwanza, kule nje kwenye swichi, alifunga mnyororo wa ardhi, waya mnene wa kupeleka umeme udongoni, ili ukija kwa makosa usimpite fundi kifuani. Sheria ilisema aliyeufunga aufungue mwenyewe. Lakini mafundi wale walikuwa na mazoea yao: fundi akipaza sauti "Nimetoka!", aliye kwenye swichi humfungulia, asisumbuke kuzunguka.

Mara pampu ya kwanza ikakwama. Ving'ora vikalia. Joto likapanda, likapanda, likapanda.

"Mwanahija!" Mzee Ngoda, mkuu wa zamu, alimfokea kwenye simu fundi aliyekuwa kwenye swichi. "Fungua mnyororo, niwashe ya pili!"

"Si wangu, mzee! Wa Tungaraza!"

"Basi mwite, mwanangu, tutakufa!"

Mwanahija akaita, "Tunga! Umetoka?"

"Nimetoka, dada! Mbona una pupa kama unafukuzwa?"

Mwanahija akafungua. Mzee Ngoda akawasha. Maji yakaenda, joto likashuka, mji ukapona.

Tungaraza walimkuta juu ya pampu, amekufa. Alikuwa ametoka kweli, kisha akakumbuka koleo lake alilolisahau kati ya nyaya, akarudi mbio bila kusema. Lilikuwa mkononi mwake.

Mzee Ngoda akasema, "Mimi ndiye niliyewasha. Lakini ningengoja, nani angebaki wa kunilaumu?"

Mwanahija akasema, "Mimi nilifungua mnyororo usio wangu. Lakini nilimuuliza, akanijibu!"

Mafundi wenzake Tungaraza wakanong'ona, "Mwenyewe alirudi kimya. Lakini asingerudi, koleo lingeiunguza pampu, nasi tusingekuwepo."

Mama yake Tungaraza sasa yuko getini. Ameambiwa kuna ajali tu. Anauliza kila anayepita, "Baba, mwanangu Tunga yuko wapi?" Mzee Ngoda, Mwanahija na mafundi wote wamejifungia ndani, hakuna anayethubutu kumtazama.

Je, damu ya Tungaraza iko shingoni mwa nani? Nakuomba, ndugu yangu, unijibu kabla hajafunguliwa geti.