Kiapo cha Mwuza Kitani

Wazee wetu wametupokeza kwamba katika nchi ya Misri, zama za wacha Mungu wa kale, aliishi mfanyabiashara mmoja aitwaye Sabiti bin Wahbi, Allah amrehemu. Alikuwa akiuza kitani cheupe, kile ambacho mahujaji hujivika wanapohirimia Hija. Mkewe alikwishafariki, mtoto hakujaaliwa, na ndugu zake walikuwa mbali. Alifungua duka baada ya Alfajiri, akalifunga kabla ya Magharibi, akala chakula chake peke yake. Watu walimsifu kwa uaminifu, lakini hapakuwa na aliyebisha hodi kwake kumjulia hali.

Siku moja akaja msafiri mzee aliyekuwa njiani kwenda Makka. Akakipapasa kitani, akapendezwa nacho, kisha akasema, "Ewe Sheikh, nakwenda kusimama mbele ya Mola wangu na nguo hii. Niapie kwamba hakuna aliyedhulumiwa katika kuifuma."

Sabiti akaapa. Aliapa upesi, kama sisi tunavyoitikia salamu, maana alijijua kuwa hapunji kipimo wala hasifii bidhaa kwa uongo. Msafiri akaondoka na msafara wake. Sabiti alipokuwa akikunja vitambaa vilivyobaki, moyo wake ukamwuliza ni nani aliyevifuma. Hakujua. Kwa miaka ishirini alikuwa akiletewa na dalali wake, Numeri, na siku zote alitazama kitambaa tu.

Akamwendea kadhi. Kadhi akamwambia, "Uliapa kwa jambo uliloamini kuwa ni kweli. Huna kafara." Mwingine angeshukuru akarudi dukani, lakini Sabiti jawabu lile halikumtuliza. Akafunga duka, akasafiri siku nne mpaka mji wa wafumaji.

Huko akaonyeshwa nyumba ya Numeri, na chini yake chumba kilichochimbwa ardhini, mlango umetiwa komeo kwa nje. Kitani chembamba kinataka unyevu. Hewa kavu ikikipiga, uzi hukatika. Kwa hiyo wafumaji walishushwa chini asubuhi, wakafungiwa mpaka jioni. Sabiti akaondoa komeo, akapokewa na harufu ya ukungu na sauti za watu wakikohoa. Mwanamke mmoja wa makamo, jina lake Hunaida, akainua uso kutoka kwenye kitanda chake cha kufumia. Hakuuliza mgeni ni nani.

"Bwana," akasema, "jua limeshapinduka?"

"Limepinduka zamani," Sabiti akajibu. "Alasiri imekaribia."

"Basi Adhuhuri tumeichelewesha tena. Humu adhana haifiki."

Sabiti akaketi pale pale kwenye ngazi. Nguo alizowavika wageni wa Allah zilifumwa na watu walionyimwa hata kujua wakati wa kumwabudu. Sabiti alilia, wala hakuona haya kuonekana akilia.

Numeri alipofika, alimsihi kwa upole. "Bwana wangu, mlango ukiachwa wazi, uzi utakatika. Utapata kitambaa chenye mafundo, na hakuna atakayekitaka."

"Niletee hicho chenye mafundo," Sabiti akasema. "Mlango usifungwe tena. Watoke waswali, wapate hewa, na ujira wao usipungue."

Ikawa kama Numeri alivyosema. Wateja walipapasa kitani, vidole vikakwama kwenye mafundo, wakahamia duka la jirani. Sabiti aliwaeleza sababu, nao walimsikiliza kwa adabu kisha wakaenda zao. Wafanyabiashara wenzake walisema upweke umemharibu akili. Zilipita siku nzima asisemeshwe na mtu. Kila msafara ulipopita alitoka kumwulizia yule msafiri mzee, na kila mara alirudi dukani bila habari. Upweke ulimuuma, lakini hakutuma neno kwamba mlango ufungwe.

Mwaka wa tatu akarudi kwa wafumaji, akasimama mbele yao akiwa ameinamisha kichwa. "Mama," akamwambia Hunaida, "miaka ishirini nimekula jasho lenu nisiulize mko wapi. Niwieni radhi."

Hunaida akawatazama wenzake, nao wakaafiki. "Sisi tisa tumekusamehe, na Allah akusamehe," akasema. "Lakini tulikuwa kumi na mmoja. Mzee Dinari na dada yetu Ghaziya walikufa kwa kikohozi kabla hujaja. Haki yao iko kwao. Mimi sina idhini ya kuisamehe."

Inasemekana Sabiti aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila baada ya swala aliwaombea wawili hao kwa majina yao, kama mtu anavyowaombea wazazi wake. Mteja akimtaka kiapo, alimwambia, "Mimi siapi. Nitakuelekeza njia, nenda ukajionee."

Ndugu zangu, Sabiti hakumpiga mtu, wala komeo lile hakulitia kwa mkono wake. Kosa lake lilikuwa safari ya siku nne ambayo kwa miaka ishirini hakuifunga. Nasi leo tumevaa nguo za watu tusiowajua hata majina. Allah atujaalie tuwaulizie wakati wale wa kutusamehe wangali hai.